Sisi Tuliogopa Bure: Kumbukumbu ya Vyombo Tulivyovipenda

Julai iliyopita nilirudi nyumbani Zagayu kumzika baba yangu mkubwa. Alikuwa dereva wa malori ya pamba. Alianza utingo akiwa kijana, miaka ya mwanzo ya Uhuru, akaja kukabidhiwa usukani, na aliuachia macho yalipokataa. Siku ya tatu, wageni wa mbali walipokwisha kuondoka, tulibaki wanaume wachache chini ya mwarobaini. Kama ilivyo ada ya msiba uliokwisha kupoa, mazungumzo yalihama polepole kutoka kwa marehemu yakaenda kwa vyombo alivyoendesha.

Wazee waligawanyika mara moja. Mmoja alisema hajapata kutokea gari kama Bedford, na akaiga kwa mdomo mlio wake linapopanda. Wa pili alisimama na Leyland. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alidai kwamba sisi tuliobaki vijijini hatukuona kitu, kwa kuwa yeye alisoma Dar es Salaam na akapanda Ikarus za UDA, yale mabasi marefu ya Hungaria yenye kiungo katikati, ambayo abiria aliyesimama kwenye kiungo alizungushwa kila kona kama anayecheza ngoma. Mwingine akakumbusha mabasi ya KAMATA. Walibishana kwa furaha, kila mtu akitetea chombo chake kama anavyotetea ukoo wake, na vyote walivyovitaja vimekwisha kuwa chuma chakavu.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akisikiliza huku simu iko mkononi. Akatuonyesha picha inayotembea ya chombo ambacho huku kwetu hakipo: kigari cha wazi chenye viti vya watu wawili wawili, kimefungwa kwenye reli, kinavutwa taratibu hadi kileleni mwa mlima wa mbao, kisha kinaachwa kiporomoke huku waliomo wakipiga mayowe na kuinua mikono. Wenyewe hukiita rolakosta.

“Mjomba, hawa wamelipa?” akaniuliza.

“Wamelipa, na wamepanga foleni.”

Mzee wa Bedford akaitazama simu kwa muda, akairudisha. “Hawa wanalipa ili waogope,” akasema. “Sisi tuliogopa bure.”

Tulicheka wote. Makala haya nayaandika kwa sababu kicheko changu kilikatika kabla ya vya wenzangu, na imenichukua miezi kadhaa kukubali sababu yake.

Gari la makaa lililogeuka mchezo

Nianze na historia ya chombo chenyewe, maana ina funzo ambalo sikulitarajia.

Wataalamu huanzia Urusi, katika karne za 17 na 18, ambako watu walijenga miteremko mirefu ya mbao, wakaimwagia maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza juu yake. Ndiyo maana Wafaransa mpaka leo huiita rolakosta “milima ya Kirusi”. Warusi wenyewe, kwa kinyume cha kuchekesha, huiita “vilima vya Kimarekani”. Kila taifa limempa jirani heshima au lawama ya kuibuni hofu hii.

Lakini mzazi mwingine wa rolakosta ni gari la mizigo. Mwaka 1827, mjini Mauch Chunk katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, ilijengwa reli ya kushusha makaa ya mawe kutoka mgodini mlimani hadi mtoni, mwendo wa kilomita zipatazo 14. Hapakuwa na injini. Mabehewa yaliyojaa yaliteremka kwa uzito wake, mtu mmoja akishika breki, na nyumbu waliteremka pamoja nayo ndani ya behewa lao ili wayavute matupu kurudi juu. Baada ya muda watu walianza kuomba kupanda kwa ajili ya kuteremka tu. Makaa yalipopata njia nyingine ya kusafirishwa, reli ile ilibaki na kazi moja, ya kuwaburudisha watalii, na iliifanya hadi mwaka 1933. Mwaka 1937 iliuzwa kuwa chuma chakavu.

Mwaka 1884 mfanyabiashara LaMarcus Thompson alijenga reli ndogo ya namna hiyo ufukweni Coney Island, New York. Nauli ilikuwa senti 5, na mwendo haukuzidi sana mwendo wa mtu anayekimbia. Watu walifurika. Kutoka hapo milima ilipandishwa, mwendo ukaongezwa, na ikazaliwa biashara nzima ya kuuza hofu.

Ikazaliwa pia jamii ya wapenzi. Mwaka 1978 Wamarekani waliunda chama cha wapenzi wa rolakosta. Wanachama wake husafiri kutoka mji hadi mji kuzipanda, huhesabu walizopanda, hubishana ipi bora, na huziomboleza zilizobomolewa. Lakini pia huzitetea zilizobaki. Cyclone ya Coney Island, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilitangazwa mwaka 1988 kuwa urithi wa jiji la New York, na bado inakimbia. Leap-The-Dips ya Altoona, Pennsylvania, iliyojengwa mwaka 1902, ilifungwa mwaka 1985 ikaachwa ioze. Wapenzi wake walihangaika hadi ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1999.

Nilipoyasoma haya niliwaona wazee wa chini ya mwarobaini. Ubishi ni uleule na mapenzi ni yaleyale. Hata asili ni ileile, kwa maana chombo cha kwanza cha furaha kwetu nacho kilikuwa gari la mizigo.

Buluba na korongo

Mzigo wetu ulikuwa buluba, yaani pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ilikuwa na njia ya kwenda Dar es Salaam na ng'ambo. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Lilikua hadi kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Vitabu vyetu vya historia vinaeleza vizuri habari za bei, mizani, viwanda vya kuchambua pamba na siasa za Uhuru. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na mwaka 1984 vikarudi. Muongo uliofuata soko likafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi.

Jambo ambalo vitabu haviandiki ni kwamba kati ya kijiji na reli palikuwa na lori, na juu ya lori palikuwa na sisi.

Zagayu wakati huo ilikuwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga. Leo tumo wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, lakini ardhi haikuhama: mbuga nyeusi inayopasuka kiangazi, majabali, na makorongo ya mchanga ambayo barabara haikuyavuka kwa daraja bali kwa kuyatumbukia. Lori lilifika ukingoni, likainamisha pua, likaporomoka hadi chini kwenye mchanga, na dereva akakanyaga mafuta kabla halijatua ili lipate nguvu ya kupanda ukingo wa pili. Aliyekaa juu ya pamba alihisi tumbo likibaki nyuma. Pamba ni laini, na kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ilikuwa godoro la mfalme lililokuwa likikimbia. Tulipiga mayowe yaleyale niliyoyaona kwenye simu ya mpwa wangu, na mikono tuliinua.

Msimu wa kununua ulianza takriban Mei au Juni. Mtoto aliyekuwa na ndugu dereva alikuwa tajiri. Nilikuwa tajiri.

Ningependa wanafunzi wangu waelewe kwamba furaha hii ni sehemu ya historia ya uchumi. Mkulima aliyengoja malipo ya pamba mwezi baada ya mwezi alimlaani mnunuzi, na mtoto wake akalipenda lori. Yote mawili ni kweli. Mwanahistoria anayehesabu tani pekee atapata nusu ya habari.

Meno ya chuma

Turudi kidogo Marekani, kwa mtu aitwaye John Miller, mjenzi wa rolakosta. Mwaka 1910 alipata hataza ya kifaa rahisi: jino la chuma chini ya kigari, linaloruka juu ya ngazi ya chuma kadiri kigari kinavyopandishwa. Mnyororo ukikatika, jino linanasa, na kigari hakiwezi kurudi nyuma. Mwaka 1919 akaongeza magurudumu yanayoshika reli kwa chini, ili kigari kisiweze kuruka nje.

Mlio wa “ka-ka-ka-ka” unaosikika kigari kikipanda, ule unaowafanya abiria wafumbe macho, ni mlio wa jino la Miller. Sauti inayowaogopesha ndiyo inayowalinda. Hofu wanayoinunua imetengenezwa na fundi, ikakaguliwa asubuhi kabla ya lango kufunguliwa. Ajali hutokea hata huko, lakini kila moja huacha swali ambalo mtu fulani analazimika kulijibu.

Sasa tuitazame reli yetu. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyobeba watu zaidi ya 1,000 ilikuwa ikipanda kilima katika mkoa wa Dodoma, kwenye eneo la Igandu na Msagali. Ilishindwa kuendelea, ikaanza kurudi nyuma, mwendo ukaongezeka, na ikaigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Najua kwamba treni ya abiria haifungwi meno ya Miller, kwa kuwa usalama wake hutegemea breki, matengenezo na utaratibu. Lakini siwezi kuwafundisha wanafunzi tukio hili bila kukumbuka kwamba watu wa mchezo walikwisha kujiuliza, miaka 92 kabla yetu, nini kitatokea chombo kikirudi nyuma.

Miaka sita kabla ya Igandu, tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba abiria wengi kupita uwezo wake. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi wao wamelala katika makaburi ya pamoja pale Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara. Walikufa watu 228. Kati ya misiba hii miwili ipo miaka 22, ziwa ni lilelile, na sababu ni ileile ya kujaza watu kupita kiasi.

Mzee wa Bedford alisema tuliogopa bure, akimaanisha hatukulipa kiingilio. Naogopa kwamba tulilipa.

Wapenzi wa leo

Msomaji asidhani kwamba mapenzi haya yameisha na wazee. Mpwa wangu na wenzake hawajapata kuiona Bedford, lakini wanayajua mabasi ya njia ya Mwanza kwa majina ya madereva, honi na rangi. Wapo vijana wanaosimama barabarani kuyapiga picha. Ukitaja Scandinavia, kampuni iliyokuwa na mabasi ya fahari kabla ya kutoweka barabarani, watu wa rika langu hushusha sauti kama waliotajiwa marehemu. Nairobi mapenzi haya yamekuwa sanaa kamili: matatu zilizochorwa kutoka bampa hadi bampa, ambazo vijana huziita nganya, zina mashabiki wanaozikumbuka hata zilizostaafu miaka mingi. Sheria zilizoanza kusimamiwa Februari 2004, enzi za Waziri John Michuki, zilipolazimisha mkanda wa manjano ubavuni, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, mashabiki waliomboleza michoro iliyofutwa. Michoro ilikuja kurudi, na hitaji la mikanda na vidhibiti mwendo likabaki katika sheria. Huo ni mfano ambao watumishi wa umma wanapaswa kuutafakari: uzuri wa chombo na usalama wa abiria havikuwa maadui.

Kwetu, safari za mabasi za usiku zilizuiwa katika miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali, na ziliruhusiwa tena Oktoba 2023. Mabasi ya mikoani siku hizi yana kifaa cha kufuatilia mwendo ambacho hulia dereva anapozidisha. Nimepanda basi ambalo kifaa kilipolia abiria walimshangilia dereva. Nilikaa kimya, nikafikiria jino la Miller. Kule mlio ulimaanisha kwamba mtu fulani amekufikiria. Kwetu tumeugeuza kuwa wimbo wa kumsifu anayetuhatarisha. Abiria wale si wajinga. Wamelelewa na hadithi za safari ambazo wasimulizi wake huacha sehemu moja, na mmoja wa wasimulizi hao ni mimi.

Sehemu niliyokuwa naiacha

Kwa miaka thelathini nimesimulia habari ya korongo na mayowe. Nimeisimulia darasani, katika sherehe, na kwa watoto wangu. Naishia pale lori linapopanda ukingo wa pili.

Msimu wa mwaka 1995 nilikuwa darasa la sita. Lori la siku hiyo halikuwa la baba mkubwa. Lilikuwa la mnunuzi binafsi ambaye sitamtaja. Mimi na mwenzangu wa dawati moja tulidandia juu. Nilikuwa nimekaa katikati, mahali pazuri, penye kamba ya turubai ya kushika. Yeye alikuwa hajapata kupanda. Nilimwambia ahamie nyuma kabisa, kwa sababu nyuma ndiko tumbo hubaki zaidi. Nilitaka aonje utamu wote siku ya kwanza. Lori lilitumbukia, likapanda, nikageuka kumtazama anavyocheka, na hakuwapo.

Hakufa pale pale. Alifia njiani, kwenye baiskeli, akipelekwa zahanati. Mnunuzi alileta gunia la mahindi na pole. Hakuna aliyeulizwa lolote, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Wiki iliyofuata lori lilirudi kwenye mizani, na watoto walikuwa juu yake. Mama yake aliponiona kwenye mazishi aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, na wewe ulikuwepo?” Nikajibu kwamba nilikuwapo. Sikusema nilimwambia akae wapi.

Baba mkubwa alijua, kwa maana nilimweleza usiku ule. Hakunipiga wala hakunifariji. Tangu siku hiyo hakumpandisha mtoto yeyote juu ya mzigo, na vijana walimwita mchoyo hadi alipostaafu. Pale msibani alisifiwa kwa ustadi wa usukani. Uchoyo wake hakuna aliyeutaja. Hapo ndipo kicheko changu kilipokatika.

Tufanye nini na mapenzi yetu

Sipendekezi tuache kuvipenda vyombo hivi. Mtu asiyekumbuka furaha ya utotoni hawezi kueleza alichopokonywa. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu ya chombo ni ushahidi, na ushahidi hutolewa wote.

Wanafunzi wa historia, nendeni mkawarekodi madereva, matingo na mafundi wakingali hai. Waulizeni gari gani walilipenda na kwa nini, maana wataeleza kwa furaha. Kisha waulizeni nani alianguka. Nyamazeni, wapeni muda.

Wanaharakati, ajali isiyoandikwa ni ajali itakayorudi. Daini taarifa za uchunguzi ziwekwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuzisoma, kwa lugha anayoielewa, pamoja na orodha ya yaliyopendekezwa na yaliyotekelezwa.

Watumishi wa umma, mnapokagua chombo kabla hakijaondoka mnalinda uhuru wa abiria wa kusafiri bila kuweka maisha rehani. Wapanda rolakosta huinua mikono kwa sababu mtu ambaye hawamjui alikagua bolti asubuhi. Mkulima wa Zagayu anastahili mtu huyo.

Na vyombo vilivyostaafu visiishie vyote kwenye mizani ya chuma chakavu. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi Ziwa Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa ikarudi majini mwaka 2020. Si kila chombo kitarudi kazini, lakini kimoja kimoja kinaweza kutunzwa. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora yametunza ngoma na viti vya watemi. Ningefurahi kuona hapo siku moja lori la pamba, pamoja na majina ya walioliendesha. Na kwenye bodi yake, kwa nyuma, pale ambapo tumbo hubaki zaidi, liandikwe jina la mtoto mmoja. Familia yake ikiridhia, nitalitoa mimi.

Kabla ya kuondoka Zagayu nilikwenda kwa mama yake. Ni mzee sana sasa. Nilimwamkia, “Mwangaluka, mayu,” akanitambua kwa sauti. Nikakaa chini, nikamweleza mwenzangu alikuwa ameketi wapi, na nani alimwambia akae hapo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama alikuwa anacheka. Nikamwambia ndiyo, kabla hatujatumbukia alikuwa anacheka.